Nimerudi na picha 1,600, mbona turubai zangu hazina uhai?

"Mwalimu, shikamoo. Nachora kwa rangi za mafuta, na kwa miaka 9 sasa kazi hii ndiyo inayonilisha. Tangu mwaka juzi naona najirudia: kona zilezile, nyuso zilezile, hata kivuli nakijua kabla sijakitazama. Nikadunduliza, nikasafiri siku 11: Paris, Venice, London. Nilitembea mpaka miguu ikavimba, nikapiga picha 1,600 kwa simu ili nisipoteze kitu. Nilidhani nikirudi nitachora kama mtu aliyefunguliwa kamba. Ni miezi 5 sasa. Nimemaliza turubai 4 na zote zinafanana na kadi za posta. Mchoraji mwenzangu alizitazama kimya, kisha akasema kwa upole kwamba zimechorwa vizuri lakini hazina mtu ndani. Sasa nafikiria kukopa nirudi huko kwa miezi 3, maana wachoraji wakubwa wote walisafiri. Je, nilikaa muda mfupi mno? Au mimi ni wa wale ambao hata miji mikubwa haiwezi kuwaamsha?"

Marahaba, ndugu yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani hilo ndilo lililokufanya uandike. Barua yako haisomeki kama ya mtu aliyekosa kipaji. Aliyekosa jicho hasumbuliwi na turubai iliyochorwa vizuri. Huitia fremu, akaitundika, akalala usingizi. Wewe umezitazama kazi 4 ambazo mistari yake imenyooka na rangi zake zimekaa, ukaona kuna kitu hakimo. Jicho lako limetangulia mkono. Kwa mchoraji wa miaka 9 hiyo ni hali njema, japo inauma.

Naielewa hofu yako hivi. Unaamini kwamba ilhamu imewekwa huko mijini kama maji kisimani, na kwamba wewe ulikwenda na kidumu kidogo, au, vibaya zaidi, ulikwenda na kidumu kilichotoboka. Ndiyo maana unataka kukopa urudi na pipa. Mimi nakwambia kisima hakiko huko. Nitakueleza kwa nini naamini hivyo, kisha tuzungumze kuhusu huo mkopo.

Tuanze na muda. J. M. W. Turner, mchoraji Mwingereza ambaye jina lake na la Venice hutajwa pamoja, alifika mji huo mara 3 tu maishani mwake: 1819, 1833 na 1840. Ukijumlisha siku zake zote hazifiki wiki 4. Picha zake za kwanza za Venice kwa rangi za mafuta alizionyesha London mwaka 1833, miaka 14 baada ya safari ya kwanza, tena kabla hajarudi mara ya pili. Katika miaka hiyo 14 alikuwa na nini mkononi? Zaidi madaftari ya penseli, na michoro michache ya rangi za maji. Mstari wa paa, mlingoti, ukingo wa maji, jengo linaloanzia hapa na kuishia pale. Sehemu kubwa ya rangi na mwanga aliibeba kichwani. Kwa hiyo siku 11 si chache. Hata siku 3 za kutazama kwelikweli zinaweza kumlisha mchoraji kwa muda mrefu. La kujiuliza ni siku zile zilitumikaje.

Sasa mtazame Claude Monet, mchoraji Mfaransa, maana yeye alikaa. Kati ya 1899 na 1901 alikwenda London mara 3, na karibu kazi yake yote ya huko aliifanya akiwa sehemu mbili tu. Moja ilikuwa hoteli ya Savoy, ambako kutoka juu aliyaona madaraja ya Waterloo na Charing Cross. Nyingine ilikuwa hospitali ya St Thomas, ng'ambo ya mto Thames, ambako alilitazama jengo la Bunge. Sehemu 2, mada 3, na turubai zikakaribia 100. Alikuwa nazo nyingi kwa wakati mmoja, kila moja na mwanga wake. Hali ya hewa ikigeuka anaiweka chini aliyoishika, anatafuta ile inayolingana na kinachoonekana dirishani. Na hakuzimaliza huko. Alizibeba hadi nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, akahangaika nazo miaka mingine, na mwaka 1904 akazionyesha 37 mjini Paris.

Wewe ulipita London kwa siku chache ukaona mamia ya vitu. Yeye alikaa miezi akaona vitu vitatu. Tena hata hivyo vitatu havikuwa ndicho alichokifuata. Alikuwa akifuata ukungu, na alisema waziwazi kwamba bila ukungu London isingekuwa mji mzuri. Ukungu wa wakati ule ulichanganyika na moshi wa makaa ya mawe, na hewa iliyojaa chembe ndogo hutawanya mwanga: tofauti kati ya giza na weupe hupungua, kingo za majengo hulegea, na jua likipenya rangi yake huenea kila mahali badala ya kukaa juu ya ukuta mmoja. Bunge lilimfaa kwa sababu lilikuwa kivuli kikubwa chenye minara, kitu cha kusimama nyuma ya hewa hiyo. Angepata jengo jingine lenye umbo zito, nadhani angelitumia vilevile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, na ambao nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi, ni wa Camille Pissarro. Alikuwa na ugonjwa wa jicho uliomrudia mara kwa mara, na upepo na vumbi vikamkataza kuchora nje kama alivyozoea. Mtu aliyeishi kwa kuchora mashambani! Akakodi vyumba vya hoteli na kuchora kupitia dirisha. Mwanzoni mwa 1897, akiwa na miaka 66, alikaa Paris katika chumba kilichotazama Boulevard Montmartre, na kati ya Februari na Aprili akaichora barabara hiyo mara 14. Asubuhi ya baridi, jua la mchana, mvua, umati wa sherehe za kanivali, na mara moja usiku, taa zikiakisiwa kwenye lami iliyolowa. Barabara moja kutoka dirisha moja. Ukizipanga picha hizo huwezi kusema anajirudia, kwa sababu kila moja ilimuuliza swali jipya kuhusu mwanga.

Nakuomba usome tena sentensi yako: "kona zilezile, nyuso zilezile, hata kivuli nakijua kabla sijakitazama." Hapo umeutaja ugonjwa kwa jina lake bila kujua.

Ubongo wetu hauangalii upya kila asubuhi. Ungefanya hivyo tungechoka kabla ya saa nne. Ukishapita njia moja mara nyingi, ubongo hujiwekea makisio: hapa kuna ukuta, pale kuna mti, kivuli kinaangukia kushoto. Kuanzia hapo unatembea ndani ya makisio hayo, na jicho hushtuka pale tu kitu kinapokwenda kinyume. Hii ndiyo maana ya kuzoea. Inatusaidia kuishi, lakini ni sumu kwa mchoraji, kwa sababu mkono huanza kuchora makisio badala ya kitu. Mji mgeni hauna makisio. Kwa siku moja au mbili kila kitu kinadai kutazamwa: urefu wa ngazi, rangi ya mawe, jinsi mwanga unavyoingia kwenye uchochoro. Ndipo tunasema tumepata ilhamu. Kilichotokea hasa ni kwamba macho yamerudishwa kazini.

Lakini hili ndilo ambalo wasafiri wengi hawaambiwi. Paris, Venice na London si miji migeni. Uliwahi kuziona mara elfu kabla hujapanda ndege: kwenye kalenda, kwenye filamu, kwenye vifuniko vya masanduku ya biskuti. Ulipofika mbele ya mnara wa Eiffel, makisio yalikuwa tayari yamekaa kichwani, tena makisio yaliyotengenezwa na watu wengine. Miji mashuhuri ni migumu kuchora kuliko mtaa wowote usio na jina, maana hufika machoni ikiwa imeshachorwa. Venice imekuwa hivyo kwa karne nyingi. Katika karne ya 18 Canaletto aliishi kwa kuwachorea wasafiri, hasa matajiri wa Kiingereza, mandhari ya mji huo ili waende nayo nyumbani. Vita vilipopunguza wasafiri, mwaka 1746 akawafuata wateja wake London. Alikuwa fundi mkubwa, simdharau hata kidogo. Nataka tu ujue kwamba ile kadi ya posta unayoiona kwenye turubai zako ilianza kutengenezwa miaka 300 iliyopita, na kuikwepa kunahitaji zaidi ya kukaa miezi 3.

Kisha kuna simu yako. Sikulaumu, sote tunafanya hivyo. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana: inameza eneo kubwa, na vilivyo mbali vinanywea. Kuba lililokusimamisha njiani, ambalo machoni mwako lilijaza anga, likiingia kwenye simu linakuwa kama kifungo cha shati, na mbele yake pametanda sakafu tupu ambayo hukuiona kabisa. Halafu programu ya simu hupandisha vivuli na kushusha mwanga mkali ili kila kitu kionekane. Wewe hukuona kila kitu. Uliona doa moja la mwanga na giza zito kulizunguka, na uzito huo ndio uliokugusa moyo. Ukikaa studio na kunakili kutoka kwenye picha hiyo, unanakili kitu ambacho tayari kimeondolewa kile kilichokusimamisha.

Na kumbukumbu nayo? Mwaka 2014 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha jaribio alilolifanya katika jumba la makumbusho: watu waliopiga picha vitu vizima walivikumbuka kwa uchache kuliko waliovitazama tu. Lakini waliovuta lenzi na kupiga sehemu moja ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua hivyo. Mimi nasoma jambo hilo kwa jicho la mchoraji: kuchagua sehemu ni kutazama, na kukusanya kila kitu ni kumwachia mwingine atazame. Picha 1,600 kwa siku 11 ni karibu 145 kila siku. Ulitazama saa ngapi?

Usifikiri nakwambia ulipoteza safari. Pengine sehemu yake bora bado haijafika. Eugène Delacroix alikwenda Moroko mwaka 1832 na ujumbe wa kidiplomasia wa Ufaransa, akakaa huko miezi kadhaa, akapita pia Algiers, akajaza madaftari kwa michoro na maandishi. Zaidi ya miaka 20 baadaye aliandika katika shajara yake kwamba alianza kufanya kazi ya maana kutokana na safari hiyo pale tu alipokwisha kusahau yale mambo madogomadogo na kubakiwa na lililomgusa. Kabla ya hapo, anasema, alikuwa akifukuzwa na tamaa ya usahihi, ambayo watu wengi hudhani ndiyo ukweli. Aliendelea kuchora Moroko hadi mwaka aliofariki, 1863.

Naye Henri Matisse alikwenda Tahiti mwaka 1930, akakaa miezi, akarudi karibu mikono mitupu. Mtu angeweza kusema safari ile ilikuwa hasara. Mwaka 1946, akiwa mzee na mgonjwa chumbani kwake Paris, alianza kukata karatasi nyeupe kwa mkasi na kuzibandika ukutani: ndege, samaki, matumbawe, mwani. Vile vitu vya Tahiti vilikuwa vimekaa ndani yake miaka 16 vikingoja, na vilipotoka havikutoka kama mandhari ya visiwa. Wewe una miezi 5, na katika miezi hiyo yote umekuwa ukizuia usahaulifu kufanya kazi yake, kwa sababu kila siku unafungua simu kuhakikisha.

Haki inanitaka nikupe pia mfano unaokwenda upande wako. Paul Klee alikaa Tunisia chini ya wiki 2, mwezi Aprili 1914, akarudi akiwa mchoraji mwingine; katika shajara yake ya safari aliandika kwamba rangi imemshika, yeye na rangi ni kitu kimoja, yeye ni mchoraji. Safari fupi, moto wa ghafla. Ndiyo, inatokea. Lakini Klee alikuwa na miaka 34, na kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akipigana na rangi, akijiona ni mtu wa mstari tu. Alikwenda na swali tayari mfukoni, na mwanga wa huko ukalijibu. Hapo ndipo ninapokuuliza, na tafadhali jibu kimyakimya: ulipoondoka ulikuwa na swali gani la uchoraji? "Nimechoka kujirudia" ni malalamiko ya haki, lakini si swali. Swali ni kama hili: nawezaje kuchora usiku bila kutumia nyeusi? Nawezaje kumfanya mtu mmoja aonekane mpweke katikati ya umati? Anayebeba swali la namna hiyo mji humjibu hata akiwa kituo cha basi.

Kuhusu wachoraji wakubwa "wote" kusafiri, hapana. Giorgio Morandi aliishi Bologna karibu maisha yake yote, akalala na kuchora katika chumba kimoja, akatoka nje ya Italia mara chache tu, tena uzeeni. Alipanga chupa, birika na makopo mezani na kuyachora kwa miongo. Hiroshige wa Japani alisafiri, lakini kazi yake kubwa ya mwisho, iliyotoka kati ya 1856 na 1858, ni zaidi ya picha 100 zilizochapwa kwa vibao vya mbao, za Edo (Tokyo ya leo), mji aliozaliwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1887, Vincent van Gogh akiwa Paris alinakili picha 2 za mfululizo huo kwa rangi za mafuta. Hakuwahi kukanyaga Japani. Mwaka uliofuata alihamia Arles, kusini mwa Ufaransa, na mara kwa mara aliandika kwamba anaiona Japani pale. Safari yake kubwa kuliko zote aliifanya ndani ya karatasi zilizochapwa.

Sasa tuje kwenye mkopo, maana hapa nataka niwe wazi nawe kama ambavyo ningekuwa na mdogo wangu. Usikope. Sababu si kwamba miezi 3 haifai. Ni kwamba mkopo una tarehe, na picha haina. Utaamka katika mji huo kila asubuhi ukihesabu, na mchoraji anayehesabu huchora kinachouzika upesi. Kinachouzika upesi kutoka Venice ni kadi ya posta. Utarudi na turubai nyingi zaidi za aina ileile unayoikimbia, pamoja na deni.

Safari ndefu ina faida zake za kweli, nisizifiche. Kubwa kwangu ni kusimama mbele ya kazi zenyewe. Yale maua ya maji ya Monet katika jumba la Orangerie, Paris, yaliyofunguliwa kwa watu mwaka 1927, yamezunguka kuta za vyumba 2 vya umbo la yai. Kimo chake ni karibu mita 2 na ukiunganisha urefu wake unakaribia mita 91. Hakuna simu wala kitabu kinachoweza kukupa jambo hilo. Ukikaribia unaona rangi iliyorundikwa na kukwaruzwa, ukirudi nyuma inakuwa maji. Nikisikia mchoraji anataka kusafiri ili akae siku 5 mbele ya picha 5, namuunga mkono mara moja. Faida nyingine ni kuwa mahali ambapo hakuna anayekujua, ambapo unaweza kuharibu karatasi bila mtu kuuliza. Na kuna njia ya kufika huko isiyo ya deni: programu za ukaazi wa wasanii, ambazo hukupa chumba na studio kwa wiki au miezi, baadhi na posho juu yake. Ushindani upo. Soma masharti kwa utulivu: nauli nani analipa, bima je, utatakiwa kuacha kazi huko? Na maombi hayo yatakuuliza jambo lilelile nililokuuliza, swali lako ni lipi.

Ukipata nafasi, nenda mji mmoja. Tafuta chumba chenye dirisha linalotazama mahali watu wanapita, hata kama ni uani. Siku 2 za kwanza tembea bila kuchora chochote, uyaache yale makisio ya kalenda yapite machoni mpaka yachoke, yaishe. Kuanzia siku ya tatu chagua mahali 1 na saa 1, urudi hapo kila siku. Penseli na daftari dogo vinatosha. Pembeni ya mchoro andika maneno: "ukuta ni mweusi kuliko anga kwa kidogo tu", "kivuli kina kijani", "kelele za vijiko". Maneno ya aina hiyo hurudisha mwanga kichwani kuliko picha yoyote ya simu. Na usidhani lazima majengo yaonekane. Piet Mondrian aliwasili New York mwaka 1940 akiwa na miaka 68, na picha aliyoimaliza 1943 haina hata jengo moja. Ni mistari ya manjano iliyokatwakatwa kwa vipande vya nyekundu, buluu na kijivu, na ukiitazama unasikia magari na muziki wa boogie-woogie alioupenda. Mji ulimwingia kama mapigo.

Kabla sijakupa kazi ya kufanya, mambo matatu ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Zipeleke turubai zako 4, pamoja na kazi 4 za miaka ya nyuma unazozipenda, kwa mchoraji mzoefu au mwalimu unayemwamini, azione zenyewe zikiwa zimesimama ukutani. Mimi nazungumzia maneno yako. Yeye atazungumzia rangi yenyewe, na pengine ataona tatizo ambalo sikulifikiria, kama upangaji wa mwanga na giza. Pili, ikiwa kuchoka kwako na rangi kumekuja polepole na unaona kila kitu kimefifia au kimepauka kuwa cha manjano, pima macho. Monet mwenyewe aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912, akachelewesha upasuaji hadi 1923, na rangi za turubai zake za miaka hiyo zinaonyesha. Tatu, umeandika kuhusu uchoraji tu, lakini kama hamu imepotea hata kwa chakula, kwa watu, kwa usingizi, na hali hiyo imezidi wiki 2, hiyo si shida ya ilhamu. Muone daktari au mshauri wa afya ya akili, na umweleze kama ulivyonieleza mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Picha zote 1,600 zitoe kwenye simu, uziweke mahali pasipofikika kwa urahisi, mwezi mzima. Chukua mkaa na karatasi ndogo, zisizozidi kiganja, na kila siku chora kitu 1 cha safari ile kutoka kichwani. Usichore mnara wala daraja lenye jina. Pale kumbukumbu ilipo tupu, acha karatasi tupu. Huo utupu una kazi yake, unaonyesha jicho lilisimama wapi. Mwezi ukiisha zipange sakafuni. Nyingi zitakuwa dhaifu, lakini kati yake patakuwa na 2 au 3 ambazo hutaki kuzifuta. Hizo zikuze, na hapo sasa unaweza kufungua simu kwa jambo dogo tu, kama kujua matao yalikuwa mangapi.

Nakumbuka safari yangu ya kwanza ndefu nikiwa kijana. Nilichora kanisa moja kuu kwa siku 3 mfululizo, na michoro yote ikafa. Mchoro mmoja tu ulioishi ulikuwa wa ngazi za nyumba niliyolala, taa ikiwaka kwenye kona ya ngazi, kwa sababu kila usiku nilipumzika pale kabla ya kupanda ghorofa ya mwisho. Sikuwa nimepanga kupatazama.

Ndiyo maana kuna kitu kimoja katika barua yako kilichonigusa kuliko Paris na Venice. Uliandika kwamba miguu ilivimba. Mchoraji mwenzako anasema turubai hazina mtu ndani. Sidhani anamaanisha uongeze wapita njia. Nadhani anamtafuta mtu aliyekuwa amesimama pale akitazama, na mtu huyo alikuwa amechoka, miguu inamuuma, yuko mbali na kwao. Katika picha zako 4 hayumo. Bila shaka wakati fulani ulilazimika kukaa chini: kwenye ngazi, ukingo wa chemchemi, kiti cha kituo cha treni. Ulikuwa umevua viatu? Kulikuwa na nini usawa wa macho yako ulipokaa, magoti ya watu, magurudumu ya masanduku, njiwa, upande wa chini wa daraja? Mwanga ulitokea wapi? Anza na karatasi hiyo, leo jioni, kabla hujasoma kingine chochote kuhusu Monet.